Muulize Daktari: Mgonjwa asiyesema kwamba anacheza pari

Mwezi huu nimeweka kando maswali ya kawaida ya ukurasa huu, kwa sababu barua nne zilizonifikia kutoka Lubumbashi, zilizoandikwa na watu wasiofahamiana, zinazunguka jambo moja: pari ya mpira (kuweka pesa kwa kubashiri matokeo) na michezo mingine ya pesa, na namna inavyoingia katika chumba cha daktari bila kutajwa. Nimezifupisha na kuondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu. Majibu yangu yanamwelekea zaidi muuguzi na daktari wa tiba ya jumla, maana hao ndio wanaoonana na wagonjwa hawa kwanza, muda mrefu kabla mtaalamu wa magonjwa ya akili hajasikia habari zao.

Mama Daktari, jambo sana. Mimi ni muuguzi msimamizi wa kituo kidogo cha afya huku Katuba. Tangu mwezi wa tatu nimekuwa nikimpokea kijana wa miaka 27, mwendesha pikipiki ya abiria, anayelalamikia tumbo kuwaka moto, kichwa kuuma na kukosa usingizi. Mara ya kwanza nilimpima malaria, mara ya pili nikampima Widal (kipimo cha homa ya matumbo), mara ya tatu nikampa omeprazole ya kupunguza asidi tumboni, na mara ya nne alirudi bila kununua hata dawa moja niliyomwandikia. Juzi mama yake alikuja kuniambia kwamba pikipiki imeuzwa kwa sababu ya pari. Niliona aibu. Ningewezaje kulitambua jambo hili mapema? Muuguzi, Katuba.

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuandika ukweli huu, na aibu hiyo usiibebe peke yako. Nilipokuwa daktari kijana nilimtibu mwalimu mmoja kwa presha muda wa miezi minane, nikimbadilishia dawa kila aliporudi, bila kumwuliza hata siku moja mshahara wake unakwenda wapi. Mke wake ndiye aliyenieleza. Haikuwa presha sugu hata kidogo. Zilikuwa dawa ambazo hazijawahi kununuliwa.

Mtu aliyezidiwa na pari haji kituoni kutamka neno hilo. Anakuja na tumbo, kichwa, moyo unaokwenda mbio, nguvu za kiume zilizopungua, uchovu usioisha. Tusimwone mwongo, kwa sababu maumivu hayo anayo kweli. Anakesha kwa kuwa michezo ya kwenye simu haina saa ya kufunga, anaruka chakula ili aongeze pesa ya tiketi, anakunywa ili asahau alichopoteza, na deni linamwamsha alfajiri hata siku aliyolala mapema. Sehemu anayoificha ni chanzo. Mara nyingine haifichi kabisa, ila yeye mwenyewe hajaunganisha kidonda cha tumbo na tiketi za Jumamosi, na hakuna aliyemsaidia kuunganisha. Pombe huacha harufu mdomoni na tumbaku huacha rangi vidoleni, lakini kwa pari huna kipimo cha damu wala alama ya mwilini ya kukuongoza. Usipouliza hutajua.

Hata hivyo ziko ishara zinazostahili kukuamsha, na kijana wako alikuwa nazo kadhaa. Iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, katika mji ambao mgonjwa hulipa mwenyewe karibu kila kitu, ni karatasi ya dawa inayorudi kama ilivyotoka, hasa kwa mtu mwenye kazi. Anayefanya kazi kila siku na hapati franka za kununua vidonge vya wiki moja ana jambo la kueleza, na jambo hilo linaweza kuwa pari, au watoto wengi, au mama mgonjwa kijijini. Vyovyote iwavyo, wajibu wako ni kuuliza. Ishara nyingine ni mgonjwa kurudi mara kwa mara na malalamiko yanayobadilika huku vipimo vikiwa safi. Kuomba kucheleweshewa malipo kila mara. Kuomba cheti cha ugonjwa siku zinazofuata mechi kubwa. Presha ya juu kwa kijana mwembamba. Na huzuni inayokuja kwa mawimbi, nzito mwisho wa mwezi baada ya mshahara kuliko kabla yake. Hii ya mwisho niizungumzie kidogo. Mtu wa kawaida huhangaika tarehe 25 na kupumua tarehe 30. Ukimwona anayezidi kuporomoka baada ya kulipwa, simama hapo.

Hakuna hata moja kati ya ishara hizi inayothibitisha ugonjwa. Kwa hiyo ninakushauri uende mbele zaidi ya ishara: umwulize kila mtu mzima, pale pale katika fishi (kadi ya mgonjwa inayobaki kituoni) unapouliza juu ya tumbaku na pombe. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2025 kuhusu madhara ya kamari unawahimiza wahudumu wa afya kufanya hivyo hivyo, na sioni sababu ya Katuba kusubiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 1.2 ya watu wazima wa dunia wana ugonjwa wa kamari, yaani watu 12 katika kila 1000. Huo ni wastani wa dunia na haupimi mtaa wako, lakini unatosha kukuonyesha kwamba katika mwaka mmoja wa kazi yako umekutana nao zaidi ya mara moja.

Sasa namna ya kuuliza, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Usitumie neno kamari. Masikioni mwa watu wetu kamari ni karata na dadu za wahuni chini ya mwembe, ni dhambi iliyokemewa kanisani na msikitini. Mtu anayeweka franka 2,000 kila siku kwenye mechi za Ulaya atakujibu kwa moyo safi kwamba hachezi kamari, na atakuwa hajakudanganya. Taja vitu vyenyewe: pari ya mpira, bahati nasibu, mashine za kuchezea mitaani, karata za pesa, ule mchezo wa ndege inayopaa kwenye simu. Anza na wingi wa watu, kwa mfano: "Siku hizi watu wengi wanaweka pesa kwenye pari, je, wewe unacheza mara ngapi kwa wiki?" Swali lililoulizwa hivyo linamfanya aone kwamba jibu lolote linapokelewa. Akisema anacheza, mwulize maswali mawili ambayo watafiti wa Marekani waliyapendekeza mwaka 1997 na ambayo hadi leo yanatumika kwa sababu ya ufupi wake: "Je, umewahi kuhisi kwamba inakubidi uweke pesa nyingi zaidi na zaidi?" na "Je, umewahi kulazimika kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza?" Jibu la ndiyo kwa swali moja tu linatosha kukuambia kwamba kazi ya uchunguzi inaanza.

Mambo mawili madogo. Uliza mkiwa wawili tu na mlango umefungwa, kwa kuwa kijana aliyeketi karibu na mama yake atasema hapana hata kama tiketi zimejaa mfukoni. Na kama daftari la mgonjwa linakwenda naye nyumbani, usiandike humo neno zima. Andika alama mnayoielewa ninyi wa kituoni, na maelezo kamili yabaki katika fishi yenu.

Daktari mwenzangu, ninafanya tiba ya jumla katika hospitali moja ya Kampemba, na nina dakika kumi kwa kila mgonjwa. Nikishapata jibu la ndiyo kwa maswali ya mwanzo, nifanye nini? Kuna madodoso kadhaa, sijui lipi ni bora. Na wenzangu hapa wananiambia kwamba hii ni tabia mbaya, hospitali isiingilie. Je, ni ugonjwa kweli? Daktari, Kampemba.

Nianze na la mwisho, kwa sababu asiyeliamini hatachunguza. Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliingiza tatizo hili katika mwongozo wake wa utambuzi mwaka 1980, likiwekwa miongoni mwa matatizo ya kushindwa kuzuia msukumo. Mwaka 2013 kililihamishia katika sura ya uraibu, jirani na pombe na dawa za kulevya, baada ya kuonekana kwamba linafanana nazo katika ubongo, katika kurithiwa, na katika namna linavyotibiwa. Shirika la Afya Duniani nalo lina ugonjwa wa kamari katika orodha yake ya magonjwa ya toleo la 11, iliyoanza kutumika Januari 2022, na linautaja kuwa wa aina mbili, wa kamari inayochezwa ana kwa ana na wa ile inayochezwa mtandaoni. Wenzako wanaosema ni tabia tu waulize kama wanamfukuza mlevi mwenye ini lililovimba.

Mwongozo huo wa mwaka 2013 una ishara tisa, na utambuzi unahitaji angalau nne ndani ya miezi 12. Ninakueleza kwa maneno ya kwetu, kwa kuwa nimeona kwamba mgonjwa huyatambua haraka zaidi. Anahitaji kuongeza dau ili apate msisimko ule ule. Akijaribu kupunguza anakuwa mkali, hatulii. Amejaribu kuacha mara kadhaa akashindwa. Mawazo yake yanashinda kwenye pari, akikumbuka alizokula, yaani alizoshinda, au akitafuta pesa ya nyingine. Anacheza akiwa na huzuni, hatia au wasiwasi. Akiliwa leo, yaani akipoteza, anarudi kesho kurudisha iliyoliwa. Anaficha na kudanganya. Amepoteza au kuhatarisha ndoa, kazi au masomo. Na anawategemea wengine wamtoe katika shida ya pesa aliyoiingia kwa sababu ya kucheza. Nne au tano ni hali nyepesi, sita au saba ni ya wastani, nane au tisa ni kali. Ishara ya kutenda uhalifu, iliyokuwamo zamani, iliondolewa. Kwa hiyo usimsubiri mgonjwa aibe ndipo umwamini.

Kuhusu madodoso, la zamani linalotajwa sana lilitoka New York mwaka 1987, lina maswali 20, na alama tano au zaidi huashiria tatizo. Lilibuniwa kwa ajili ya wagonjwa waliokuwa hospitalini tayari, na kwa dakika zako kumi ni refu. Mimi ninapendelea lile la Kanada la mwaka 2001 lenye maswali tisa tu, linalouliza juu ya miezi 12 iliyopita: kama umecheza zaidi ya uwezo wako wa kupoteza, kama umehitaji kuongeza kiasi, kama umerudi kurudisha iliyoliwa, kama umekopa au umeuza kitu, kama umehisi una tatizo, kama afya yako imeguswa kwa msongo au wasiwasi, kama watu wamekulaumu, kama nyumba imekosa pesa, kama umejiona mwenye hatia. Kila swali lina majibu manne, yaani kamwe, mara chache, mara nyingi, na karibu kila mara, kuanzia alama 0 hadi 3. Jumla ya 0 haina tatizo, 1 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 hadi 7 ni hatari ya wastani, na kuanzia 8 ni tatizo lililokomaa. Faida yake kubwa ni kwamba linapima madhara na linamnasa pia mtu wa alama 4, ambaye hajawa mgonjwa kamili na ambaye maneno machache ya daktari yanaweza kumgeuza.

Ukilitafsiri katika Kiswahili cha Lubumbashi, lijaribu kwanza kwa watu watatu au wanne wasiojua Kifaransa kizuri. Maneno "zaidi ya uwezo wako" huwachanganya wengi. Mimi huuliza kama aliweka pesa ambayo ilikuwa ya unga, ya nyumba au ya ada ya shule. Jibu huja mara moja. Na dodoso usilisome kama mtihani, liweke katika mazungumzo, kisha ujaze alama akishatoka.

Lakini alama ni alama tu, na uchunguzi wenyewe unaanza baada yake. Jambo la kwanza, kabla ya lolote, ni hatari ya kujiua. Utafiti wa Uswidi uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu waliokuwa wametambuliwa kuwa na ugonjwa wa kamari walikufa kwa kujiua mara 15 zaidi ya watu wengine wa nchi hiyo. Mwulize waziwazi: "Je, umefika mahali pa kufikiri ni afadhali ufe? Umefikiria kwa njia gani?" Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kulitoa. Kisha unganisha swali hili na deni, kwa sababu huku kwetu vinakwenda pamoja. Anadaiwa na nani, kiasi gani, na siku ya kulipa ni lini? Anayedaiwa na kaka yake ana muda. Anayedaiwa na wale wakopeshaji wa riba kubwa ambao mji mzima unawaita banque Lambert, naye ameacha kitambulisho au kadi ya benki mikononi mwao, ana tarehe kichwani mwake, na tarehe hiyo inamtisha kuliko ugonjwa wowote. Ijue tarehe hiyo, na mpangie arudi kukuona kabla haijafika. Ukitoka katika barua yangu na jambo hilo moja tu nitaridhika.

Baada ya hapo chunguza vilivyoambatana na pari. Huzuni na wasiwasi ni vya kawaida mno, na mara nyingine vilitangulia. Pombe, bangi na tramadoli uziulize moja moja kwa majina. Angalia pia kama kuna wazimu wa furaha kupita kiasi, kwa maana mtu asiyelala siku tano, anayeongea bila kukoma, anayegawa pesa na kujiona tajiri, anaweza kucheza pari kwa sababu ya ugonjwa huo mwingine, na matibabu yake ni tofauti kabisa. Orodhesha dawa zote anazotumia, na sababu yake utaiona katika barua inayofuata. Uliza kama kuna kupigana nyumbani. Uliza juu ya watoto, kama wanakula na kama wamefukuzwa shuleni kwa kukosa ada.

Najua hayo yote hayaingii katika dakika kumi. Gawanya: siku ya kwanza kujiua na deni, wiki inayofuata mengine. Mgonjwa anayejua kwamba atarudi na hatahukumiwa hukueleza siku ya pili alichokificha siku ya kwanza.

Matibabu yenye ushahidi bora ni ya mazungumzo, hasa tiba ya kubadili fikra na mwenendo, pamoja na mahojiano ya kumtia mtu hamu ya kubadilika ambayo hata wewe unaweza kujifunza. Mgonjwa huyu ana imani za uongo ambazo zimempa ujuzi wa bandia: kwamba aliyeliwa mara kumi ana haki ya kula mara ya 11, kwamba tiketi iliyoharibiwa na mechi moja tu inaonyesha yuko karibu. Hazivunjwi kwa mahubiri. Zinavunjwa kwa kumwomba aandike katika daftari kila alichoweka na kila alichopata kwa wiki nne, na kujumlisha naye. Dawa maalumu iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu haipo. Naltrexone hutumiwa na wataalamu kwa baadhi ya watu ambao mazungumzo hayajawatosha, na isianzishwe katika tiba ya jumla bila wao. Tafadhali usimpe diazepam ya mwezi mzima ili alale, utamwongezea uraibu wa pili. Hali ikiwa kali, au ukiona dalili za kujiua, mpeleke kwa wataalamu. Kwa Lubumbashi kipo kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Usimpe tu karatasi, kwa kuwa aliyepewa karatasi mara nyingi hafiki. Mtafutie mtu wa kumsindikiza.

Daktari, baba yangu ana miaka 63, alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa sala ambaye hajawahi kucheza hata karata. Ana ugonjwa wa Parkinson, na dada yangu aliye Ubelgiji humtumia pramipexole. Tangu dozi iongezwe anatuma pesa kwenye pari usiku kucha, na ananunua vitu ovyo. Familia inasema amerogwa. Kijana wake, Ruashi.

Kijana wangu, baba yako hajarogwa wala hajapotoka. Pramipexole, sawa na dawa ya ukoo wake iitwayo ropinirole, huiga kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo, na dopamini hiyo hiyo inayosaidia mwili kutembea ndiyo inayowasha hamu ya tuzo. Kwa baadhi ya wagonjwa dawa hizi huleta kamari, ununuzi wa ovyo, ulaji wa kupindukia au tamaa ya ngono isiyozuilika, na tabia hiyo mara nyingi hutokea au huongezeka dozi inapopandishwa, kama ulivyosimulia. Hata aripiprazole, dawa ya magonjwa ya akili, ilitolewa onyo la namna hii nchini Marekani mwaka 2016.

Usizifiche dawa wala kuzikatisha ghafla. Kukatisha kwa mara moja kunaweza kumkaza mwili na kumletea wasiwasi mkali, jasho na huzuni. Mpigieni simu daktari wa Ubelgiji aliyeziandika, mwende pia kwa daktari wenu hapa, mkawaambie wote wawili maneno haya mawili, pari na ununuzi, kwa sababu mzee kwa aibu hatayasema. Dozi ikipunguzwa taratibu au dawa ikibadilishwa, kwa wengi tabia hiyo hupungua au huisha. Wakati mnasubiri, simu yenye pesa ikae kwa mama, kwa makubaliano yake mzee na kwa heshima yake. Na hao wanaosema amerogwa, waonyesheni barua hii.

Mama Daktari, ninauza unga na samaki soko la Kenya hapa Lubumbashi. Mume wangu ni dereva wa kampuni moja ya madini njia ya Likasi, ni mtu mpole. Zamu yangu ya likelemba (mchango wetu wa kupokezana pesa) ilipofika, pesa ziliingia kwenye simu yangu jioni, na asubuhi hazikuwepo. Alijua namba yangu ya siri. Anasema atazirudisha Jumamosi, kuna mechi za uhakika. Ninataka daktari wetu amwite amkemee. Mimi mwenyewe silali tena na mikono inanitetemeka. Mama wa watoto wanne, Kamalondo.

Mama, pole sana. Pesa ya likelemba si yako peke yako, ni ya wanawake wote mnaotazamana machoni kila wiki, na ninaelewa kwamba aibu imekuuma kuliko hasara.

Daktari hawezi kumwita mume wako na kumkemea, kwa sababu mbili. Siri ya mgonjwa inamfunga, na kukemewa humfundisha mchezaji kuficha vizuri zaidi. Lakini hakuna sheria inayomzuia daktari kukusikiliza wewe. Mweleze uliyoyaona, kwa tarehe na viasi. Hataweza kukujibu mume wako anasema nini chumbani mwake, ila siku mume huyo atakapokuja na mgongo unaouma, daktari atajua swali la kuuliza.

Maneno yake kwamba atazirudisha Jumamosi ni ishara mojawapo ya tisa nilizomwandikia daktari wa Kampemba. Yachukue kama dalili ya ugonjwa, sawa na homa, na usiyapange katika bajeti ya nyumba. Leo hii badili namba ya siri ya simu yako. Mwombe mweka hazina wa likelemba akupe zamu yako mkononi, au mnunue naye magunia siku hiyo hiyo. Akikuomba ulipe deni lake lote kwa mkupuo ili aanze upya, usikubali haraka, hata ndugu zake wakikusukuma, kwa maana deni lililofutwa na mtu mwingine mara nyingi hufungua mlango wa deni jipya. Unga, nyumba na shule vitangulie. Deni lake mlipange pamoja, kidogo kidogo, yeye akilipa kwa mkono wake huku akiwa ameanza kwenda kwa daktari.

Zungumza naye siku tulivu, usiongee naye Jumamosi usiku akiwa ameliwa. Usianze na neno mwizi. Mwambie ulichokiona, mwambie watoto wamekula nini, kisha mwombe mwende pamoja mkaangalie usingizi wake na presha yake. Mlango huo wanaume wengi hukubali kuupita. Hata hivyo, akianza kukupiga, ondoka na watoto kwanza, mazungumzo yatasubiri. Na akisema, hata kwa kicheko, kwamba afadhali afe kuliko kuishi na madeni haya, usimwache peke yake, ondoa sumu ya panya na dawa zote za nyumbani, mfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Limebaki jambo lako mwenyewe. Mke asiyelala na mwenye mikono inayotetemeka ni mgonjwa kamili, hata kama hajawahi kununua tiketi moja. Nenda kwenye kituo cha afya cha mtaa wako wiki hii, bila kumsubiri mume wako akubali, na ukifika mlangoni mwambie muuguzi kwamba umekuja kwa ajili ya usingizi wako.